Kabaka Mutesa wa Kwanza: mfalme aliyeletewa darubini

JUMAMOSI moja asubuhi nilikuwa ufukoni Luzira, hatua chache kutoka bandari ya Port Bell, nikisubiri mzigo wa jirani yangu uteremshwe. Mfanyabiashara mmoja aliyekuwa ametoka safari ya Kisumu alikuwa ametundika shingoni darubini ya macho mawili, ya mtumba, na watoto walimzunguka kila mmoja akiomba achungulie. Mzee huyo hakuwa na hiana, akawapa. Wa kwanza akaona mitumbwi ya upande wa Ggaba kama iliyo mlangoni pake. Wa pili akamwona ndege juu ya mti. Wa tatu, mvulana wa miaka kama minane, akaiinua kuelekea jua.

Niliruka na kumpokonya kabla haijafika machoni. Mtoto alishtuka, nusura alie, na mwenye mali akanitazama kana kwamba nimemharibia bidhaa. Ikanibidi nieleze. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mwalimu akianza kueleza hamalizi upesi, nikajikuta nawasimulia habari za mtu aliyeletewa darubini katika vilima hivi hivi zaidi ya miaka 160 iliyopita. Mtu huyo ni Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda.

Wengi wetu tuliosomea ugenini tulijifunza historia ya watu wengine kabla ya kujua ya kwetu. Mimi nilisomea Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa wakimbizi. Jina la Mutesa nililikuta kitabuni kabla sijawahi kukanyaga Kampala. Niliporudi nikiwa kijana, nilishangaa kuona kwamba mahali alipompokea mgeni wake wa kwanza wa Kizungu ni kilima cha Banda, kilomita chache tu kutoka Luzira. Ukishuka kutoka Banda kuelekea kusini, maji utakayoyakuta ni ya ghuba hii tunayoitazama kila siku.

Kijana juu ya kiti

Mutesa alizaliwa yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Kabaka Suuna wa Pili na mama yake aliitwa Muganzirwazza. Suuna alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto wengi wa kiume, na kijana huyu hakuwa wa kwanza kutajwa na watu. Ila Katikiro Kayira, waziri mkuu wa wakati huo, alimsimamia yeye, na wengine wakaondolewa njiani. Alitawazwa akiwa na umri wa miaka kama 19 akiitwa Mukaabya, jina linalohusu kuwaliza watu. Baadaye akachukua jina la Mutesa, ambalo watu hulifungamanisha na baraza na mashauri.

Mabadiliko hayo ya jina yanaeleza mengi. Miaka yake ya kwanza ilikuwa ya kutisha. Kijana aliyewekwa kitini na wakubwa alitaka kuwaonyesha wakubwa hao kwamba kiti ni chake. Kidogo kidogo akapunguza nguvu za waliomweka, akainua vijana wake mwenyewe kutoka miongoni mwa watumishi wa ikulu, na wale ndio waliokuja kuwa machifu.

Hakurithi nchi iliyojifungia. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika Buganda tangu mwaka 1844, zama za baba yake, wakipitia Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na Karagwe. Walileta nguo za pamba, shanga, bunduki na baruti. Wakaondoka na pembe za ndovu na, lazima tuseme, na watumwa. Msomaji unayevuka mpaka leo na mabelo ya vitenge au magunia ya maharage ujue njia hizo si mpya. Ni zile zile za zamani, zilizoongezwa vizuizi na stempu.

Pamoja na bidhaa, wafanyabiashara hao walileta lugha. Kiswahili kilifika ikulu ya Buganda kabla Mzungu yeyote hajafika, nacho kilikaa huko miaka mingi kikiwa lugha ya kuongea na wageni.

Mgeni wa Banda

Mwaka 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa, upande wa Mwanza, akaliona na kuamini kwamba hapo ndipo Mto Naili unapoanzia. Miezi michache kabla ya hapo, alipofika Ziwa Tanganyika pamoja na mwenzake Richard Burton, macho yake yalikuwa na ugonjwa mkali hata hakuliona vizuri ziwa alilolifuata kutoka pwani. Hiyo ni kejeli ya dunia: mtu anasafiri miezi mingi kwenda kuona, na macho yanamkatalia akishafika.

Alirudi tena, safari hii kupitia Karagwe, na Februari 1862 akafika Banda kwa Mutesa. Alikuwa na msafara wa watu wa pwani na Unyamwezi, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani utotoni na kupelekwa India, akarudi akiwa huru. Speke aliongea na Bombay kwa Kihindustani, Bombay akageuza kwa Kiswahili, na mwingine akageuza kwa Kiganda. Neno moja lilivuka mipaka mitatu kabla ya kufika sikioni mwa Kabaka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Speke hakuja mikono mitupu. Alimletea Kabaka vitambaa vya hariri, bunduki, bastola, saa ya dhahabu, kiti cha chuma, shanga, visu, vijiko na uma. Na katika orodha hiyo ilikuwamo darubini moja.

Kilichosisimua ikulu zaidi ni bunduki. Speke aliwapiga ndege na ng'ombe kuonyesha nguvu yake, na ameandika kwamba Kabaka alimpa kijana mtumishi bunduki iliyojazwa risasi akampigie mtu uani ili ijulikane kama inafanya kazi. Kijana alikwenda, akarudi akifurahia kazi aliyoifanya. Tukisimulia maisha ya mtu mkubwa tusiruke mambo kama hayo. Aliyeuawa pale uani hakuandikwa jina, lakini alikuwa mtoto wa mtu.

Miezi michache baadaye Mutesa alimchukua mgeni wake kwenda kutembea majini kwa mitumbwi katika ghuba hii. Speke akaipa jina la Murchison, mkubwa wa chama cha kijiografia cha London, na jina hilo limebaki kwenye ramani hadi leo. Mwezi Julai 1862 Mutesa akamruhusu kuondoka, na mwishoni mwa mwezi huo huo Speke akasimama mahali maji ya ziwa yanapotoka Jinja.

Ndani ya bomba kuna nini?

Watoto wa Luzira waliniuliza darubini hiyo ilikuwaje. Darubini za mkononi za enzi hizo zilikuwa bomba moja linalovutika kama mkono wa redio, lenye vioo viitwavyo lenzi mbele na nyuma. Kazi yake si ya uchawi. Lenzi kubwa ya mbele hukusanya mwanga unaotoka kwenye kitu kilicho mbali na kuukutanisha mahali pamoja ndani ya bomba, hapo ikajitokeza taswira ndogo ya kitu kile. Lenzi ya nyuma, iliyo karibu na jicho, hufanya kama kioo cha fundi saa: huikuza taswira hiyo.

Kuna tatizo moja. Taswira inayotengenezwa na lenzi ya mbele huwa imepinduka, juu chini, na kulia kushoto. Kwa anayetazama nyota si neno, kwa kuwa nyota haina kichwa wala miguu. Kwa mvuvi ni balaa. Ndiyo maana bomba la zamani liliongezewa lenzi nyingine katikati za kuigeuza taswira, na ndiyo sababu mojawapo iliyolifanya kuwa refu.

Hii ya kisasa ya macho mawili ilipata umbo lake kwa njia nyingine. Mwaka 1854 Mwitaliano Ignazio Porro alisajili ubunifu wa kutumia vipande vya kioo vya pembetatu, viitwavyo prizimu. Mwanga unaingia katika vipande hivyo, unagonga kuta zake za ndani na kurudishwa mara kadhaa, na unapotoka taswira imesimama sawasawa. Faida ya pili ni kwamba njia ndefu ya mwanga inakunjwa, hivyo bomba linakuwa fupi. Mwaka 1894 kiwanda cha Zeiss cha Jena, Ujerumani, kikaanza kuuza darubini za namna hiyo. Mabega yale yaliyotokeza kwenye darubini nyingi za mtumba ndimo prizimu zinamokaa.

Na zile namba zilizoandikwa juu yake? Ukikuta 8x30, maana yake ni kwamba inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 30. Mtumbwi ulio mita 800 utauona kama ulio mita 100. Namba ya pili inahusu mwanga: lenzi ikiwa pana zaidi, mwanga unaoingia ni mwingi zaidi. Ndiyo maana watu wa majini hupenda 7x50, inayoonyesha vizuri alfajiri na magharibi. Usidanganywe na muuzaji anayesifia ukuzaji mkubwa. Ikizidi mara 10, mtetemo wa mkono nao unakuzwa, na juu ya mtumbwi hutaona kitu ila kizunguzungu.

Jambo moja zaidi, na hili ndilo linalonirudisha kwa Mutesa. Darubini inapovuta cha mbali, inakunyima cha kando. Kadiri inavyokuza zaidi, ndivyo uwanja unaouona unavyozidi kuwa mwembamba. Anayechungulia anaona jicho la ndege ng'ambo ya ghuba na haoni shimo lililo mbele ya mguu wake.

Wageni kutoka pande nne

Baada ya Speke, wageni waliongezeka, na kila mmoja alitaka Kabaka aitazame dunia kwa lenzi yake. Walitangulia Waislamu. Tangu mwaka 1867 Mutesa alifunga Ramadhani kwa karibu miaka kumi. Alijifunza kusoma Kiarabu, akafuata kalenda ya Kiislamu na kuamuru misikiti ijengwe. Ila hakukubali kutahiriwa, kwa kuwa mila ya Buganda ilikataza damu ya Kabaka imwagike.

Kisha ikaja hatari kutoka kaskazini. Misri, chini ya Khedive Ismail, ilikuwa ikisukuma majeshi yake kufuata Naili kuelekea maziwa makuu. Mwaka 1874 akafika Chaillé-Long, Mmarekani aliyetumikia Misri, na mwaka 1875 Linant de Bellefonds, Mfaransa aliyetumikia Misri vile vile. Mutesa aliwapokea kwa heshima, akawasikiliza na kuwapima. Mwaka 1876 askari wa Misri walipowekwa Rubaga, jirani kabisa na ikulu, hakupigana nao. Aliwazunguka na kuwabana, hata Kanali Gordon, aliyeongoza jimbo la Ikweta kwa niaba ya Misri, ikabidi amtume Emin aende kuwatoa. Walikuja kama walinzi wakaondoka kama watu waliookolewa.

Katikati ya hayo, Aprili 1875, alifika Henry Morton Stanley. Walijadiliana habari za dini siku nyingi, na Stanley akaandika barua ya kuwaita wamisionari iliyochapwa katika gazeti la Daily Telegraph la London Novemba 1875. Alipoondoka alimwacha Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na misheni ya Zanzibar, amfundishe Kabaka na kumtafsiria maandiko. Lugha waliyotumia ilikuwa Kiswahili. Wapo wanaosema leo kwamba Kiswahili ni cha kuletwa Uganda na askari. Kumbe Kabaka alikuwa akisomewa Maandiko kwa Kiswahili katika miaka ya 1870.

Wamisionari wa Kiprotestanti walifika Juni 1877, na Alexander Mackay, aliyekuwa fundi mitambo, mwaka uliofuata. Februari 1879 wakaja Mapadri Weupe Wakatoliki kutoka Ufaransa. Sasa barazani palikuwa na Waislamu, Waprotestanti, Wakatoliki na waganga wa mizimu ya ziwa, wote wakishindana mbele ya mtu mmoja. Mutesa aliwaacha washindane. Leo alimsifu huyu, kesho akamwita yule. Wamisionari walimwona kigeugeu, wakaandika hivyo makwao.

Mimi namwona kwa namna nyingine. Alikuwa mtu aliyepewa vioo vinne na kila mwenye kioo akimwambia kingine ni kibovu. Hakutaka kuona kwa jicho la mtu mwingine. Mwaka 1879 alituma wajumbe watatu kwenda Uingereza, nao mwaka 1880 wakamwona Malkia Victoria. Hakutosheka na sifa za Uingereza alizosimuliwa na Waingereza, akataka Waganda waende wakaone na kurudi na habari.

Alichokosa kukiona

Lakini macho hayo ya mbali yalikuwa na upungufu wake. Vijana wa ikulu aliowahimiza kusoma Kurani walisoma kweli, na waliposoma wakaanza kumpima yeye kwa walichosoma. Walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa, hata kama ni ya mezani kwa Kabaka, na wakakataa kusali nyuma ya kiongozi asiyetahiriwa. Mutesa aliona huo ni uasi. Mwaka 1876 yapata vijana 70 waliuawa Namugongo. Waislamu wa Uganda wanawakumbuka kama mashahidi wao, miaka kumi kabla ya wale Wakristo waliouawa na mwanawe.

Aliweza kuwapima Misri, Uingereza na Ufaransa, walio maelfu ya kilomita, lakini hakuwaelewa watoto waliokuwa wakimtandikia mkeka. Sisemi hivyo kumhukumu marehemu. Nasema kwa sababu wengi wetu tuliorudi tumefanya kosa kama hilo. Tulikaa ugenini tukiitazama nchi kwa mbali hata tukaijua kila kilima, na tulipofika tukajikwaa kwa jirani wa mlango wa pili.

Miaka yake ya mwisho Mutesa aliugua kwa muda mrefu. Mwaka 1882 alijenga makao Kasubi, kwenye kilima cha Nabulagala, na Oktoba 1884 akafariki huko akiwa na miaka isiyofikia 50. Alizikwa mwili mzima ndani ya nyumba yake, kinyume cha desturi ya zamani ya kuutenga utaya wa Kabaka na kuujengea kaburi lake. Hata kifoni alichukua cha wageni na kuacha cha wageni kwa kipimo chake.

Nyumba hiyo, Muzibu Azaala Mpanga, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ikateketea kwa moto Machi 2010, ikajengwa upya, na mwaka 2023 ikatolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani yake wamelala Makabaka wanne. Wawili kati yao walifia uhamishoni: Mwanga, mwanawe, huko Shelisheli mwaka 1903, na Mutesa wa Pili, kitukuu chake, London mwaka 1969. Masalia ya Mwanga yalirudishwa mwaka 1910, na mwili wa Mutesa wa Pili mwaka 1971. Nilipoingia pale mara ya kwanza, mimi mtoto wa wakimbizi, jambo hilo lilinigusa kuliko yote: kumbe hata wafalme wetu ni watu waliorudi.

Kila jicho na kipimo chake

Nilipofika hapo watoto walikuwa wamechoka na historia wakataka darubini. Nikawaambia sawa, lakini kwanza tuirekebishe, maana darubini ya mtu mwingine si yako mpaka uipime kwa macho yako. Mimi nalijua hilo kwa gharama. Miaka ya nyuma nilinunua moja ya mtumba sokoni, nikaitumia wiki nzima huku kichwa kikiniuma, nikidhani ni malaria. Kumbe mabomba yake mawili hayakutazama upande mmoja. Ilikuwa imewahi kuanguka na muuzaji hakusema.

Basi fanya hivi. Kwanza vaa kamba shingoni. Pili, shika mabomba mawili uyakunjue au uyakunje katikati kama kitabu, mpaka badala ya duara mbili uone duara moja. Hapo nafasi ya mabomba imelingana na nafasi ya macho yako. Mwenye miwani akunje vile vikombe vya mpira chini ili asogee karibu. Asiye na miwani aviache vimesimama.

Tatu, chagua kitu kisichotembea kilicho mbali, kama mlingoti au kibao chenye maandishi. Ziba lenzi ya mbele ya upande wa kulia kwa kiganja, na kwa jicho la kushoto zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yawe makali. Nne, ziba upande wa kushoto. Usiguse tena gurudumu la katikati. Zungusha pete iliyo kwenye bomba la jicho la kulia mpaka maandishi yale yale yawe makali. Darubini chache zina pete hiyo upande wa kushoto, kwa hizo geuza utaratibu. Sasa fungua yote mawili. Ikumbuke alama ya pete ile, ni yako. Kuanzia hapo ukitaka kutazama karibu au mbali unazungusha gurudumu la katikati peke yake.

Macho ya mtu hayalingani hata yakiwa ya kichwa kimoja. Mtu akishatumia darubini yako, pete irudishe kwenye alama yako, usiyalazimishe macho.

Unayenunua mpakani, ijaribu kabla ya kutoa pesa. Tazama paa la nyumba: ukiona mapaa mawili, au jicho linavutwa, irudishe mezani. Itikise taratibu usikie kama kuna kinachogonga ndani. Geuza utazame kupitia lenzi ya mbele kwenye mwanga wa kawaida. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu, ambayo hupenda unyevu wa ziwa. Vumbi ulipulize kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha pamba. Kufuta lenzi yenye mchanga kwa upindo wa shati ni kuipiga msasa. Na tunaoishi Luzira tuwe na busara: usiielekeze kwenye gereza, wala kwenye kambi za askari au vituo vya mpakani, usije ukahojiwa siku nzima kwa ajili ya kutazama ndege.

Sasa jua. Nimeeleza kwamba lenzi ya mbele hukusanya mwanga na kuukutanisha. Lenzi ya milimita 50 hukusanya mwanga karibu mara 50 ya ule unaoingia katika mboni iliyofunguka milimita 7. Ni kazi ile ile ya kioo cha kukuza kinachounguza karatasi juani. Tofauti ni kwamba hapa karatasi ni retina, utando ulio nyuma ya jicho. Utando huo hauna hisia ya maumivu, kwa hiyo mtoto anaungua bila kulia, na anagundua baadaye kuna doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Doa hilo laweza lisiondoke maisha yake yote.

Kwa hiyo usiielekeze darubini kwenye jua, asubuhi wala jioni, wala likiwa nyuma ya wingu jepesi. Miwani ya jua haisaidii. Hata ile miwani maalumu ya kupatwa kwa jua haifai kuvaliwa nyuma ya darubini, kwa kuwa mwanga uliokusanywa unaitoboa. Chujio la jua linalofaa hufungwa mbele, juu ya lenzi kubwa zote mbili, na kama huna la uhakika, acha. Nasema mapema kwa sababu maalumu. Tarehe 3 Novemba 2013 watu walimiminika Pakwach kuona jua likipatwa lote. Tarehe 2 Agosti 2027 sehemu ya jua itafunikwa tena ikionekana kutoka Uganda, na watoto wetu watatafuta cha kuchungulia. Mwaka huo kila mwenye darubini nyumbani aifungie kabatini siku hiyo. Mtoto atoboe tundu dogo kwenye kadi, alipe jua mgongo, aone taswira yake ikiangukia kwenye karatasi nyeupe.

Yule mvulana wa Luzira alisikiliza yote hayo akiwa amenuna. Nilipomaliza nikamkabidhi darubini, nikamwelekeza mgongo wake kwenye jua. Akaifunga kamba shingoni, akaziba kulia, akaziba kushoto, akachukua muda mrefu kuliko wenzake kuzungusha ile pete. Kisha akanyamaza. Nilimuuliza anaona nini. Alikuwa ameipata mitumbwi ya Ggaba, na ndani ya mmoja, mtu akichota maji kwa kopo. Mwenye mali akacheka, akasema sasa hata yeye atajaribu hiyo pete, kwani tangu ainunue hakuwahi kuigusa.